Mchungu, Mwongo na Sanduku Lenye Jina Langu

Ninyi mnaobaki mezani mliniomba niwaandikie jinsi ya kutofautisha vipepeo wanaofanana, kabla sijasahau. Nimekubali. Lakini siwezi kuandika habari za madoa nikaacha habari za watu, na sasa sina bosi wa kunitisha, basi mtasoma yote mawili. Shule yangu iliishia darasa la tatu. La nne lilinikuta ng'ambo ya mpaka, Congo, tulikokimbilia na mikeka kichwani, na kule masomo yalikuwa kutafuta muhogo. Mkikuta kosa la kuandika, sahihisheni kimya kimya kama nilivyosahihisha mengi yenu.

Nilianza kwenye kituo chetu cha vipepeo kama mfagiaji. Wakati ule kituo kilikuwa nyumba moja ya mabati, nje kidogo ya Arua, upande wa kwenda Ombaci: chumba cha masanduku, chumba cha meza, na veranda. Siku yangu ya kwanza nilifagia chini ya meza kwa bidii ya mtu mgeni. Nilipofika mlangoni na taka zangu, mzee mmoja mwembamba akaniwekea mguu mbele ya ufagio.

"Ngoja, binti. Hiyo unatupa iko kazi ya wiki mbili porini Logiri."

Huyo alikuwa Mzee Candia, mtu wa Ajia, fundi wa kutandaza mabawa. Kumbe bawa moja lilikuwa limekatika na kuanguka sakafuni, nami nililifagia pamoja na vumbi na maganda ya karanga. Hakugomba. Alichuchumaa na kibano chake, akapekua zile taka mpaka akalipata, akalipuliza, akaliweka kwenye karatasi. Kisha akafungua masanduku mawili mbele yangu, akaniuliza lile bawa linatoka kwenye lipi. Nilionyesha la kushoto, naye akacheka mpaka akakohoa.

"Macho yako iko mzuri, lakini iko na haraka," alisema. "Rangi inadanganya mutu. Hesabu madoa."

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, ingawa kwenye karatasi za ofisi niliendelea kuwa mfagiaji kwa muda mrefu sana.

Wale wawili aliokuwa akinionyesha ndio mnaowajua wote, na mnaoendelea kuwakosea. Mzee Candia aliwaita Mchungu na Mwongo. Mchungu ana sumu tangu akiwa kiwavi. Ndege akimwonja anamtema na hamrudii tena. Mwongo hana sumu yoyote, ila jike lake amevaa nguo za Mchungu ili ndege wamwogope. Wote wawili wana bawa la mbele la rangi ya machungwa, ncha nyeusi, na mstari wa madoa meupe unaokata ile ncha. Bawa la nyuma huko kusini mara nyingi ni la machungwa pia, lakini huku kwetu West Nile wengi wanalo jeupe, Mchungu kwa Mwongo. Wanaokuja na picha za vitabu vya kusini wanasimama hapo na kukuna kichwa. Waacheni wakune. Ninyi tazameni bawa la nyuma, katikati. Mchungu jike ana madoa meusi matatu madogo yaliyokaa kama mawe ya jiko. Dume ana manne, na la nne ni nene kidogo, kama mfuko. Mwongo ana doa moja tu, na limekaa juu, ukingoni kabisa. Hiyo haibadiliki, bawa liwe jeupe au la machungwa.

Mume wa Mwongo hafanani naye hata kidogo. Ni mweusi, ana maduara makubwa meupe yenye mng'ao wa zambarau. Mzee aliponiambia hao ni mke na mume nilikataa. Akaniuliza kama ndoa za Arua sijaziona.

Kama kipepeo yuko hai, kuna njia nyingine. Mbane kifuani kwa vidole viwili, polepole, kama tunavyofanya kabla ya kumtia kwenye bahasha. Mwongo amekwisha. Mchungu utamweka kwenye bahasha ukidhani amekufa, na baada ya robo saa utasikia bahasha inakwaruza mfukoni. Mwili wake ni mgumu kama ngozi ya kiatu.

Nilijifunza haraka, na sababu yake si akili nyingi. Sisi Wanubi wanawake tunasuka vifuniko vya chakula tangu utoto, na ukikosea kuhesabu kamba moja nyekundu, ua lote linapinda na mama yako anakufumulia. Mtu aliyezoea hesabu hiyo hapati shida na madoa matatu. Mzee aliona, akanipa kiti. Maandishi yalikuwa yananisumbua, basi kwenye kila bahasha nilichora nukta: tatu, nne, au moja. Namba iliandikwa na yeye. Bahasha tupu nilizihifadhi kwenye kopo la biskuti, si kwa sababu yoyote ya maana, ila karatasi nzuri inaniuma kuitupa.

Wale wakubwa wenye mikia miwili ni kazi nyingine. Hao hawafuati maua, wanafuata uozo: ndizi zilizooza, mavi ya chui kama unaye chui, na machicha ya kwete, pombe ya nafaka ya huku kwetu. Kwete nzuri ilipikwa Ajia, kwa akina mama jirani zake Mzee Candia, na aliyetumwa kuchukua machicha alikuwa mimi, Mwislamu wa Koboko. Nilipita Arua mjini nyuma ya boda na ndoo miguuni, harufu ikitangulia. Siku moja boda ilizimika karibu na msikiti. Imamu wetu akaja kusalimia, akaitazama ndoo, akauliza iko na nini. Nikamwambia chakula cha vipepeo. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Siku hizi inaitwa hivyo," akasema, akaenda zake. Ilichukua Ramadhani mbili habari hiyo kuisha.

Hao wenye mikia msiwasome kwa juu. Juu wengi ni weusi wenye buluu, wote wamevaa nguo ya sikukuu. Mgeuze. Chini ndiko kuna mistari, na mistari ndiyo inayotenganisha. Ukikosa lenzi, subiri lenzi. Hakuna kipepeo aliyekauka anayekwenda popote.

Kitu kingine Mzee alichonifundisha ni makopo. Kila mguu wa meza ulisimama ndani ya kopo lenye mafuta taa, ili sisimizi wasipande. Sisimizi anapenda mwili mkavu wa kipepeo kuliko sukari. Anakula mwili, bawa analiacha. Makopo yale yalikuwa na kutu, yakanuka, na ndiyo yaliyolinda kituo kuliko mlinzi wa getini, ambaye naye tulimpenda lakini alikuwa analala.

Mzee Candia alistaafu, akarudi Ajia, na mwaka wa pili tukaenda kumzika. Mahali pake akaletwa Ezati. Nalitaja jina lake kwa sababu yeye hakusita kulitaja langu. Ezati alikuwa na cheti, shati jeupe na kalamu tatu mfukoni. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa kutaka mambo yaonekane vizuri, na mtu wa namna hiyo ni mzigo kwenye chumba cha masanduku. Karani wake alikuwa Farida, mke wa kaka yangu, wifi yangu mwenyewe, ambaye mimi ndiye niliyemwombea ile kazi.

Ikaja habari kwamba mkaguzi anatoka kusini kutazama masanduku yetu. Wiki hiyohiyo mama yangu mdogo alifariki Koboko. Ijumaa nikaondoka kwenda msibani. Kabla sijatoka nilimkuta Ezati anatoa makopo chini ya meza, anasema yanatia aibu mbele ya wageni. Nikamwambia, ndugu, hayo yana kazi. Akasema atayarudisha Jumatatu.

Nilirudi Jumanne mchana. Mkaguzi alikuwa tayari amekaa mezani na sanduku langu la Mchungu mbele yake, lenzi jichoni. Mezani watu walikuwa wanamngoja mtu fulani, na mtu huyo akawa mimi. Nikaitwa nitazame. Kumi na wanne kati ya wale niliowapanga kama Mchungu walikuwa na doa moja tu, juu, ukingoni. Waongo watupu, juu ya namba zangu, katika mistari yangu.

Nilisema mimi niliweka wenye madoa matatu. Mkaguzi akaniuliza kwa upole nimesoma mpaka darasa la ngapi. Nikamwambia la tatu. Akatabasamu, akaandika kitu. Ezati akasema, bila kunitazama, "Huyu mama iko wa ufagio, bwana. Tulimwachia meza kwa huruma tu." Farida alisimama pale pale na daftari kifuani, akatazama dirisha.

Nikarudishwa kwenye ufagio. Hilo ningelivumilia, ufagio naujua. Lakini Ezati hakuwatenganisha wale vipepeo wala hakuwatupa. Aliliacha sanduku lilivyo, akabandika ndani ya kioo karatasi ya wino mwekundu: LIMECHANGANYWA NA ZAINABU. Likawa sanduku la mafunzo. Kila kundi jipya la wanagenzi lilipokuja, liliwekwa mbele yao, wakaambiwa, tazameni, hivi ndivyo mtu anavyofanya akitazama rangi asihesabu madoa. Mimi nikiwa nyuma yao, nafagia. Baadhi yenu mmefundishwa na sanduku hilo. Kuna mmoja aliniuliza, bila ubaya, kama huyo Zainabu bado yuko hai.

Miaka kumi na moja ilipita hivyo. Cheo sikutaka, na nyongeza sikuomba. Nilitaka kitu kimoja: ile karatasi itoke kabla mimi sijatoka. Nilimwomba Ezati mara tatu. Alisema ni kwa ajili ya elimu. Idi zote hizo nilikula sahani moja na Farida kwenye ua wa kaka yangu Koboko, ananisogezea nyama, ananiita wifi, na habari ya lile sanduku hajawahi kuigusa.

Ezati akastaafu, akashukuriwa kwa hotuba mbili. Akaja Ayikoru, mnamjua, ofisa wenu wa sasa. Yeye alitaka vipepeo wa zamani wote wapigwe picha juu na chini. Wengi walitandazwa vibaya, mabawa yamelala, na ili kuwatandaza upya lazima walainishwe kwanza. Akauliza nani anajua kulainisha. Mimi nikasimamisha ufagio.

Kulainisha ni hivi. Chukua sufuria pana yenye mfuniko. Tia mchanga safi wa mtoni, umwagie maji mpaka ulowe lakini maji yasisimame. Tia chembe chache za dawa ya nondo ili ukungu usiote. Wachomeke vipepeo juu ya mchanga kwa pini zao, mwili usiguse maji. Funika, ngoja siku mbili. Siku ya tatu bawa linakunjika bila kuvunjika, kama kitenge kilichonyunyiziwa kabla ya pasi.

Sanduku la kwanza kupewa likawa lile. Ayikoru hakuchagua kwa makusudi, lilikuwa tu juu ya mengine. Niliwachomeka kwenye mchanga wote, wale kumi na wanne pamoja na wenzao, nikafunika. Asubuhi ya siku ya tatu nilifunua mfuniko.

Wale wengine walikuwa sawa. Wale kumi na wanne walikuwa miili mitupu kwenye pini. Mabawa yao yamelala chini kwenye mchanga, mawili huku, mawili kule.

Nilifikiri, Zainabu, sasa umeharibu kweli, na mara hii si uongo wa mtu. Niliona karatasi ya pili nyekundu. Nilitaka kufunika na kukimbilia stendi ya magari ya Koboko. Lakini mkono umezoea kibano, na kibano kikainua bawa moja wakati kichwa bado kinakimbia. Kwenye shina la bawa, pale linapoungana na mwili, kulikuwa na tope jeupe linalonata. Nikainua la pili. Tope. Kwenye kila mwili, tope mbavuni. Bawa la kipepeo haliji na tope.

Nikamwita Ayikoru. Akaja na lenzi, akaja na Farida nyuma yake na daftari lilelile la siku zote. Nikamwambia kwamba mabawa haya yalibandikwa. Nikaenda kuleta kopo langu la biskuti. Tukatafuta bahasha za namba zile kumi na nne, na kila moja ilikuwa na nukta zangu: tatu, tatu, nne, tatu. Nilipowatia kwenye bahasha walikuwa na madoa yao. Miili ilikuwa ya Mchungu, migumu ile ile. Mabawa yalikuwa ya Mwongo.

Ayikoru akachukua lile tope kwenye ncha ya kibano, akalinusa. "Hii gundi gani?"

Farida ndiye aliyejibu, akiwa ametazama dirisha lilelile.

"Iko enyasa," alisema. "Ilibaki ya mchana. Mimi ndiyo nilikoroga."

Basi likatoka lote, polepole, kama mtu anayetema mwiba wa samaki. Makopo yalipoondolewa, sisimizi walipanda Jumamosi na Jumapili. Kwenye sanduku la Mwongo walikula miili, wakaacha mabawa mazuri yametawanyika. Kwenye sanduku la Mchungu walikuwa ndiyo kwanza wameingia. Ezati Jumatatu akalikung'uta kwa hofu, akaligonga kwenye ukingo wa meza, na mabawa makavu yakakatika vipande. Kila namba ya Mchungu ilikuwa kwenye orodha ya mkaguzi, za Mwongo hazikuwemo, basi haikuwezekana kuacha pini tupu. Upande mmoja miili haina mabawa, upande mwingine mabawa hayana miili. Gundi haikuwepo. Enyasa ilikuwepo, ugali wetu wa muhogo na mtama, na ukiukoroga na maji ya moto unanata kuliko kitu chochote. Wakabandika mpaka jioni. Ezati alikuwa na haraka, akatazama rangi, hakuhesabu madoa.

Nilimuuliza Farida kwa nini hakusema. Akasema alikuwa na miezi mitatu tu kazini, na baada ya hapo kila mwaka ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Nikamwambia mimi pia kila mwaka ulinifanyia kitu. Alilia. Sikumbembeleza, na sitaandika hapa kwamba nilimbembeleza.

Ayikoru akampigia Ezati simu, akaiweka mezani tusikie wote. Yule mzee hakukana. "Mama Zainabu, hayo iko mambo ya zamani," alisema. "Gundi ilikuwa mbali. Enyasa ilikuwa karibu."

"Na jina langu pia lilikuwa karibu," nikamwambia.

Kisha akasema, "Ndiyo. Lilikuwa karibu." Sijui kama huo ni msamaha ulioombwa. Niliupokea kama risiti.

Ayikoru akang'oa karatasi nyekundu kwa wembe, akanikabidhi. Akauliza iandikwe nini mahali pake, kwa sababu sanduku lenyewe bado lina mafunzo, labda kuliko zamani. Wengine walisema tuandike tu "kosa la kituo", tusiwataje watu. Nikasema hapana. Mimi nilitajwa miaka kumi na moja na hakuna aliyeona tabu. Nikatamka maneno, Farida akaandika kwa mkono wake: MABAWA YALIBANDIKWA NA EZATI KWA ENYASA. FARIDA ALIKOROGA. ZAINABU ALIKUWA MSIBANI KOBOKO. Aliandika vizuri, bila kuruka herufi. Karatasi ya zamani niliipeleka nyumbani, nikawashia jiko, chai ikachemka kama kawaida. Usingizi wa mchana ule ulikuwa mzito mpaka mwanangu alikuja kunitikisa akidhani naumwa.

Miezi minane iliyobaki nilikaa mezani. Haikunirudishia kumi na moja, na anayeniambia eti yote yamekwisha sawa namwomba aweke jina lake ndani ya kioo ajaribu. Lakini nilikuwa mwepesi. Nilikuja kazini mapema bila sababu.

Wiki yangu ya mwisho waliniletea bahasha kutoka Koboko, ndani yake kipepeo mdogo mwekundu, wa lile kundi ambalo mabawa yao yanaonyesha kama kioo. Hao ndio wagumu kuliko wote. Wako wa aina nyingi, na tofauti yao ni doa moja dogo kusogea karibu na shina la bawa. Huyu alikuwa mzee, amekwaruzwa na majani maisha yake yote, unga wa mabawa umekwisha, madoa yamefutika. Nilimtazama juu, nikamgeuza, nikaenda naye dirishani, nikarudi. Mlikuwa mmenizunguka wote, Farida naye, mnangoja. Kwa miaka yote ile nisingethubutu kusema neno lililokuwa mdomoni mwangu, kwa sababu mtu aliyekwisha kuandikwa makosa hana ruhusa ya kutojua.

"Sijui," nikasema.

"Basi," akasema Ayikoru. Akaandika kwenye karatasi ndogo, *hajulikani, ametazamwa na Zainabu*, akaichoma kwenye pini, akavuta bahasha inayofuata. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeandika kingine. Nikavua miwani, nikamwambia aliye karibu na jiko aweke maji ya chai.